Mamba Kifuani: Jezi na Nembo ya Mazembe katika Ukanda wa Shaba

Anayesafiri kwa barabara kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi hupita katikati ya nchi iliyochimbwa. Fungurume, Likasi, kila mji una shimo lake, na kila shimo lina kampuni iliyoliacha na kampuni iliyolichukua. Tangu 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa mikoa minne, Kolwezi ni makao makuu ya Lualaba na Lubumbashi ni makao makuu ya Haut-Katanga. Mpira haukuifuata mipaka hiyo. Kolwezi ina timu yake, AS Simba, inayopendwa na watu wa Manika na Dilala. Hata hivyo, jezi nyeusi na nyeupe ya TP Mazembe ya Lubumbashi imevuka mpaka bila kuomba ruhusa, na mamba aliyeuma mpira kwenye nembo yake anajulikana na mtoto wa mchimbaji kabla hajajua kusoma.

Nembo hiyo haikuchorwa siku moja, wala haikuchorwa na mkono mmoja. Kila aliyeushika ukanda wa shaba alitaka kuacha alama yake kwenye kifua cha timu: kanisa, kiwanda, dola, kisha tajiri. Ukiyafuata majina na alama za klabu hii kwa mpangilio wa miaka, unaifuata Katanga yenyewe.

Mwanzo ni watawa. Mwaka 1939, Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface huko Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, waliunda timu kwa ajili ya vijana wao. Wakaiita Saint Georges, kwa jina la mtakatifu msimamizi wa maskauti. Mji ulikuwa bado mchanga. Reli ya kutoka kusini iliufikia mwaka 1910, na Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imekwisha kuwaleta maelfu ya wafanyakazi kutoka kila upande. Kolwezi nayo ilikuwa inaanza tu kusimama kama mji wa migodi ya magharibi. Watu wa lugha nyingi walikutana kwenye makambi, wakaelewana kwa Kiswahili, na baada ya kazi wakahitaji kitu cha kufanya siku ya Jumapili. Watawa waliona kwamba mpira ungewaweka vijana mbali na pombe na mbali na siasa. Kwa hiyo jezi ya kwanza ilikuwa sare ya nidhamu kabla ya kuwa jezi ya ushindani, sawa na sare ya skauti au ya kwaya.

Timu iliingia moja kwa moja katika daraja la kwanza la ligi ya Waafrika ya Élisabethville, na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu. Mwaka 1944 ikabadilishiwa mtakatifu, ikawa Saint Paul. Mwaka huohuo wa 1939 ndipo ligi ya Uingereza ilipoamua kwamba kila jezi lazima iwe na namba mgongoni. Katika Kongo ya Wabelgiji wachezaji wengi Waafrika walikuwa bado wanacheza miguu mitupu, na jezi yenyewe ilikuwa mali ya misheni, si ya mchezaji.

Mwaka 1939 pia, katika mji uleule, ilizaliwa Saint-Éloi, ambayo leo ni FC Saint-Éloi Lupopo. Mtakatifu Eligio ni msimamizi wa wahunzi na wafua vyuma, na timu yake ikawa ya watu wa reli. Mpaka leo huitwa Cheminots, yaani watu wa reli, na rangi zake ni bluu na njano. Lubumbashi ikawa na watakatifu wawili na rangi za aina mbili, na mji ukagawanyika hapo. Hakuna gavana wala bunge lililowahi kuufunga mgawanyiko huo.

Kisha watawa walijitoa. Wachezaji ambao hawakutoka misheni walikuwa wameanza kuingia kikosini, na jambo hilo halikuwapendeza mapadri. Wakaiachia timu. Aliyeiokota alikuwa mfanyabiashara wa tairi.

Englebert ilikuwa kampuni ya Ubelgiji, kutoka Liège, na tairi zake zilijulikana duniani. Katikati ya miaka ya 1950, magari ya Ferrari yalikimbia mbio kubwa za Ulaya yakiwa na tairi za Englebert. Huku Katanga tairi zilihitajika migodini, kwenye malori, kwenye baiskeli. Kampuni ilipoidhamini timu haikuishia kutoa mipira na viatu. Jina lake lilikuwa jina la timu, na hapakuwa na jina jingine. Mtakatifu Paulo aliondoka, akaingia Englebert.

Tukio hilo halikupata uzito unaostahili katika vitabu vya historia ya mpira. Ulaya huhesabu kwamba udhamini wa jezi ulianza kwa nguvu mwaka 1973, Eintracht Braunschweig ya Ujerumani ilipoweka kifuani alama ya kinywaji cha Jägermeister, na jambo hilo likazua kelele kubwa. Watu wa Élisabethville walikuwa wamekwisha kuimba jina la kampuni ya tairi viwanjani miaka mingi kabla ya hapo. Hawakuona ajabu, kwa sababu kila kitu maishani mwao kilikuwa na jina la kampuni: nyumba, hospitali, shule ya watoto, na unga wa posho uliopimwa kila wiki. Mtu wa Union Minière alizaliwa katika hospitali ya Union Minière. Kwa nini timu yake isiwe ya kampuni?

Ila kampuni nayo hupita. Mwaka 1958 Englebert iliungana na wenzake wa Marekani, na chapa yake ikaanza kumezwa. Huko Ulaya jina lilififia. Huku Lubumbashi lilikaa, na bado liko katika jina kamili la klabu, Tout Puissant Mazembe Englebert. Leo hata mtu asiyewahi kuona tairi hizo anaweza kulitamka kwa fahari. Nadhani hakuna mfano mwingine katika mpira wa Afrika wa chapa ya biashara iliyofia kwao na kubaki hai kwenye vinywa vya mashabiki wa bara jingine.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na siku kumi na moja baadaye Katanga ikajitangaza kuwa nchi peke yake. Ilipotafuta nembo yake haikwenda mbali: ikachukua misalaba mitatu ya shaba na kuiweka kwenye bendera. Misalaba ile ilikuwa fedha ya Katanga kabla ya Wazungu. Mafundi waliyeyusha shaba, wakaimimina katika kalibu yenye umbo la msalaba, na ikanunua chumvi, vitambaa, mahari. Mafundi hao waliitwa wala shaba. Jean-Félix de Hemptinne, mkuu wa Wabenedikto wa Katanga, aliandika juu yao mwaka 1926, miaka kumi na mitatu kabla ya watawa wake kuunda timu ya mpira. Katanga hiyo ya kujitenga ilikwisha Januari 1963, na bendera ikashushwa. Kumbukumbu ya alama ilibaki. Watu wa huku walijifunza kwamba picha ndogo kwenye kitambaa inaweza kubeba nchi nzima.

Mwaka 1966 mji wa Élisabethville ulipewa jina la Lubumbashi. Mwaka huohuo Englebert ilishinda vyote vilivyokuwapo vya kushindaniwa: ubingwa wa taifa, Kombe la Kongo na Kombe la Katanga. Hapo ndipo maneno mawili ya Kifaransa yalipotangulia jina lake, Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote. Kwa timu iliyozaliwa mikononi mwa watawa, kuchukua sifa ambayo kanisani hutolewa kwa Mungu pekee kulikuwa kuthubutu kwa kweli. Herufi T na P zimebaki mbele ya jina tangu wakati huo.

Tarehe 1 Januari 1967, serikali ya Mobutu iliichukua Union Minière, na migodi ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi ikaingia mikononi mwa kampuni ya dola ambayo baadaye tuliijua kama Gécamines. Novemba ya mwaka huo TP Englebert ilifika fainali ya klabu bingwa za Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Kumasi, timu ya alama ya nungunungu. Huko Ghana timu hizo zilitoka 1-1, na Kinshasa zikatoka 2-2. Mechi ya tatu ikapangwa Yaoundé. Kotoko hawakutokea, na kombe likaja Lubumbashi. Mwaka uliofuata Englebert iliichapa Étoile Filante ya Togo 5-0, na hata ilipofungwa 4-1 katika marudiano, kombe halikuponyoka. Ilikuwa klabu ya kwanza kulitwaa mara mbili mfululizo. Ikacheza fainali mbili zaidi: mwaka 1969 ikashindwa na Ismaily ya Misri, na mwaka 1970 Kotoko wakalipiza kisasi. Fainali nne kwa miaka minne. Jina la kampuni ya tairi lilisikika Ghana, Togo, Misri.

Mwaka 1968 timu ya taifa ya Kongo ilishinda Kombe la Mataifa ya Afrika huko Addis Ababa kwa kuifunga Ghana 1-0. Bao lilikuwa la Pierre Kalala, mshambuliaji wa Englebert.

Mobutu alielewa jezi inaweza kubeba nini, kwa sababu alikuwa mtu aliyejua nguvu ya vazi kuliko watawala wengi wa enzi zake. Kofia yake ilikuwa ya ngozi ya chui. Alipotangaza siasa ya uhalisi, nchi ikawa Zaire mwaka 1971, Katanga ikawa Shaba, watu wakaacha majina ya ubatizo, wanaume wakaacha tai na koti na kuvaa abakosti. Klabu nazo ziliguswa. Huko Kinshasa, Daring ikawa Imana, Dragons ikawa Bilima. Huku kwetu jina la Mazembe ndilo lililosogezwa mbele, na ndilo lililoandikwa kwenye mashindano ya Afrika klabu iliponyakua Kombe la Washindi mwaka 1980. Kuwa na jina la kampuni ya Ubelgiji kifuani hakukulingana tena na wakati.

Jezi inayokumbukwa kuliko zote za enzi hiyo ilikuwa ya taifa, lakini Mazembe ilikuwamo ndani yake. Mwaka 1974 Zaire ilikwenda Ujerumani Magharibi, nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Jezi yake ya kijani ilikuwa na duara kubwa katikati ya kifua, na ndani ya duara kichwa cha chui. Nembo za timu nyingine zilikaa kimya upande wa moyo, ndogo, kama kifungo. Ya Zaire ilimkabili mtazamaji usoni. Nimeziona jezi nyingi za Kombe la Dunia katika picha, na sijui nyingine iliyotangaza ukuu wa mtu mmoja waziwazi kiasi kile. Chui yule alikuwa Mobutu.

Waliomvaa walilipa gharama. Kipa Kazadi Mwamba, beki Mwepu Ilunga, Mwanza Mukombo na Bwanga Tshimen, mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973, wote walikuwa wa Mazembe. Zaire ilifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Katika mechi ile ya mwisho Mwepu alitoka kwenye ukuta na kuupiga mpira wa adhabu kabla Wabrazil hawajaugusa. Ulaya ilicheka, ikasema Waafrika hawajui sheria. Mwepu alieleza baadaye kwamba alizijua vizuri. Wachezaji hawakulipwa walichoahidiwa, na vitisho vya watu wa rais vilikuwa juu yao. Picha za tukio lile bado zinazungushwa duniani kama kichekesho. Mimi huona mfanyakazi wa Katanga aliyevalishwa chui wa mtu mwingine.

Baada ya Mobutu kuanguka mwaka 1997, chui naye aliwekwa kando. Chini ya Laurent-Désiré Kabila timu ya taifa iliitwa Simba, mpaka Chui aliporudi mahali pake mwaka 2006. Nembo ya taifa ilikuwa inahama na mtu aliyekaa ikulu. Ya Mazembe ilikuwa na mizizi mingine.

Miaka iliyofuata Kombe la Dunia la 1974 ilikuwa migumu, na ilikuwa migumu zaidi Kolwezi. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliotoka Angola waliuteka mji. Siku sita baadaye askari wa kikosi cha kigeni cha Ufaransa wakashuka kwa miavuli. Mamia walikufa, Waafrika na Wazungu. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines, ambayo katika miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ikaanguka nao. Ikafuata miaka ya 1992 na 1993, majirani wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi na kulala vituoni wakisubiri treni. Mazembe ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1987, kisha ikakaa miaka 13 bila kuugusa tena. Kampuni iliyokuwa ikilisha timu, hospitali na shule haikuweza hata kulipa mishahara.

Katika miaka hiyo klabu haikuwa na kanisa, wala kiwanda, wala dola ya kuitegemea. Walibaki mashabiki, nao walikuwa na alama zao. Wao ndio waliowaita wachezaji Kunguru, Corbeaux kwa Kifaransa, na anayemjua kunguru wa huku, mweusi mwenye kifua cheupe, haulizi kwa nini. Wao ndio Badiangwena, wala mamba. Mamba si mgeni kwetu: Lualaba imejaa simulizi zake, kuanzia bwawa la Nzilo karibu na Kolwezi hadi mabwawa ya Upemba. Anayemla mamba amemshinda mla watu. Katika nchi iliyowahi kuwa na wala shaba, jina hilo halikuhitaji kufafanuliwa. Mtakatifu aliletwa na padri, tairi ikaletwa na mfanyabiashara, chui akaletwa na rais. Mamba na kunguru walitoka kwenye majukwaa.

Moïse Katumbi alishika urais wa klabu mwaka 1997. Alikuwa tajiri wa kazi za migodi, na kuanzia 2007 akawa pia gavana wa Katanga. Fedha za shaba zilirudi kwenye timu kwa njia nyingine, safari hii kupitia mfuko wa mtu mmoja. Ubingwa wa taifa ulirudi mwaka 2000. Makombe ya klabu bingwa Afrika yalirudi mwaka 2009 na 2010. Mtaa wa Kamalondo ukajengewa uwanja wa klabu yenyewe, ambao mamba ameupata kama nyumba yake. Wapo wanaosema Katumbi aliichukua timu iwe ngazi ya siasa, na hoja yao ina nguvu; hakuna rais wa klabu ambaye jina lake liliimbwa uwanjani bila kusikika pia kwenye kampeni. Lakini alifanya jambo moja ambalo waliomtangulia hawakulifanya. Hakuweka alama yake juu ya ile ya watu. Aliikuta nembo ya wala mamba, akaipeleka mbele ya dunia.

Ilifika mbele ya dunia kweli. Desemba 2010, Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Pachuca ya Mexico 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka. Kipa Muteba Kidiaba alishangilia kwa kurukaruka uwanjani akiwa amekaa, na dunia nzima ikamwiga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter Milan walishinda 3-0. Hata hivyo usiku ule mamba wa Lubumbashi alisimama kifuani mbele ya nyoka wa Milan, na hakuna aliyeuliza ametoka wapi.

Wasomaji wa Tanzania wana sehemu yao katika jezi hii. Mwaka 2011 Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam kwenda Mazembe, na Thomas Ulimwengu akavaa jezi hiyohiyo. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa kombe lake la tano la klabu bingwa kwa kuifunga USM Alger nyumbani na ugenini, Samatta akifunga katika mechi zote mbili, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Simba yenyewe ina historia inayofanana na ya Mazembe: iliitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, kwa jina la klabu ya Uingereza, mpaka mwaka 1971 ilipojichagulia mnyama wa hapa. Mwaka huohuo Kongo ilikuwa inajiita Zaire. Kutoka Msimbazi hadi Kamalondo, kizazi kilekile kiliamua kwamba jezi ya Waafrika isitembee tena na jina la mtu wa mbali. Tofauti ni kwamba Lubumbashi haikumfukuza Englebert kabisa. Ilimshusha cheo, ikambakiza mwishoni mwa jina, na mimi nashukuru, maana bila neno lile wajukuu wasingejua kwamba babu zao walicheza wakiwa mali ya kiwanda.

Kolwezi ya leo inatoa kobalti inayoendesha simu na magari ya umeme ya dunia nzima, na kampuni zenye majina mapya zimezunguka mji. Zitataka nazo nafasi kwenye vifua vya wachezaji, na AS Simba inahitaji fedha hizo kama timu yoyote. Viongozi wake wakiketi kusaini, wayaweke mezani majina ya Saint Georges, Saint Paul na Englebert, waone ni lipi lililobaki na ni nani aliyelitunza.

Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe walicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika huko El Jadida, Morocco, dhidi ya AS FAR ya Rabat, waliokuwa nchini kwao. Mazembe walishinda 1-0. Katika shule ile ya Saint-Boniface ya 1939 timu iliundwa kwa ajili ya vijana wa kiume. Kombe la kwanza la Afrika la wanawake lililokuja Katanga lilipokelewa na akina dada wenye mamba kifuani.